Mgongo wa Mtwangaji

Ziwani, Mtwara
3 Juni 1973

Mpwa wangu Mwaisha,

Kabla sijakusalimu, mshukuru Mungu kwa kukupa mjomba wa aina yangu, maana kuanzia Mikindani mpaka kwenye maji ya Ruvuma hakuna jambo la maana linalofanyika bila kupita kwanza barazani kwangu. Bahasha yako uliiandika anwani ndefu kama ya serikali, sanduku la posta na nini na nini. Umepoteza wino. Ungeandika Fikirini Shaibu peke yake ingefika, na pengine ingewahi zaidi.

Sasa pokea salamu. Mimi ni mzima wa chuma. Mkaza mjomba wako Mastura anasumbuliwa na goti, ila ulimi haujambo kabisa. Mama yako, dada yangu Asha, nilimwona Mikindani Ijumaa, anauliza kama huko Dar es Salaam unakula au unaishi kwa chai. Mihogo imezaa. Yule mbuzi wangu mweupe amejifungua mapacha, na watu wametoka mpaka Kilambo kuja kuwatazama.

Habari yako nimeisoma mara mbili. Kwamba ofisi yenu ya picha imewakabidhi kamera ninyi wanawake watatu, mje mtengeneze filamu ya ngoma ya wanawake wa huku kwetu, wanawake waonyeshe kazi zao na nguvu zao, nchi nzima ione. Wewe wa kupanga, Amina wa kushika kamera, na huyo Veronika, Mmakonde wa Newala, wa kutunga mchezo. Nimefahamu. Nimefahamu pia kwamba kamera ni yenu mpaka mwisho wa Agosti tu, halafu inakwenda kwenye kazi za wengine, na kwamba bila Bi Mwanakombo kukubali hakuna mwanamke wa Ziwani atakayenyanyua mguu, kwa kuwa yeye ndiye kungwi, na ngoma zote za wanawake ziko mkononi mwake.

Niachie mimi. Bandari hii ya Mtwara unayoijua, Waingereza walipokuja kuijenga walikuwa wamekwama, hawajui meli zisimame wapi. Mhandisi wao mkubwa, mwenye soksi mpaka magotini, akaniambia, "Fikirini, wewe ndiye mwenye nchi." Nikamwonyesha kwa kidole. Nilipoonyesha ndipo nanga zinaposhuka mpaka leo. Mtu aliyepanga bandari atashindwa na bibi mmoja?

Wiki hii hii naonana naye. Wewe fungasha. Na unieleze mapema mimi nitasimama upande gani wa picha, maana koti langu linataka pasi.

Ni mimi mjomba wako,
Fikirini Shaibu
Darasa la nne la zamani, sawa na la kumi la siku hizi


Dar es Salaam
21 Juni 1973

Shikamoo mjomba,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Goti la mkaza mjomba nimelitafutia dawa ya kuchua, nitakuja nayo. Mama mwambie ninakula. Chai ni ya mwisho wa mwezi tu.

Mjomba, naona kuna jambo sikulieleza vizuri. Nilichokuomba ni kumpelekea Bi Mwanakombo salamu zangu na ile barua ndogo iliyokuwa ndani ya yako, umsomee, kisha aseme atakavyo. Basi. Sikuomba mkutano wala hotuba. Ana haki ya kukataa, na akikataa nitajua la kumjibu.

Mwambie pia hatuji kupiga picha ya unyago. Ya ndani yatabaki ndani. Tunataka kukaa naye tutunge mchezo mpya. Veronika ana hatua zake, Bi Mwanakombo ana nyimbo na midundo, wanawake wa Ziwani wana kazi zao. Mwanamke anayeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, siku moja mikono yake iwe mitupu, acheze kwa ajili yake mwenyewe. Hiyo ndiyo filamu nzima.

Na kwa kuwa uwanja ni wa wanawake, hata mshika kamera ni mwanamke: Amina amejifunza kamera mwaka mzima huku wenzake ofisini wakimwuliza atapikaje na mzigo ule begani. Kwa hiyo mjomba, nisamehe kusema waziwazi, hutasimama upande wowote wa picha.

Nijibu upesi. Ni kazi ya kwanza kukabidhiwa, na mkuu wetu ameshasema mbele ya watu kwamba wanawake hawa watarudi na mikanda mitupu.

Mpwa wako,
Mwaisha


Ziwani
14 Julai 1973

Mpwa wangu,

Barua yako imekaa dukani kwa Hamisi siku nyingi, kwa kuwa Hamisi hawezi kumpa mtu barua yake mpaka amalize kuitazama stempu na kubahatisha kilichomo. Huku wote wazima. Mastura amehamia chumba cha pili kwa sababu ya goti. Mapacha wa mbuzi wananenepa, mmoja ana akili kuliko Hamisi.

Habari ni nzuri ila zinakwenda polepole. Kwa Bi Mwanakombo nilifika. Hilo muulize mtu yeyote, wote waliniona. Tena siku hiyo walikusanyika wanawake ambao hata siku ya uhuru hawakufika wengi hivyo, wametoka mpaka mashamba ya mbali, na wamekuja mbio. Sijasikia mtu mwingine aliyewahi kuwakusanya kwa haraka ile. Nikapanda juu ya kinu kilichokuwa kimepinduliwa pale uani ili wanione. Lakini wanawake wa sasa hawana subira, kabla sijafika kwenye kiini wakawa wameondoka.

Tangu hapo Bi Mwanakombo ana kifua. Halafu kuna mihogo ya kuanika. Halafu kuna harusi upande wa pili. Ile barua yako ndogo ninayo, nimeihifadhi mahali pazuri, nangoja kifua kipone.

Wewe usihangaike. Mwaka sitini na moja, pale Kilambo, tukivuka Ruvuma kwa mtumbwi, kiboko aliibuka mbele yetu, mdomo wazi, wenzangu wote wamelala kifudifudi. Mimi nikasimama, nikamwambia taratibu, "Mzee, maji ni mengi, kila mtu na njia yake." Akafunga mdomo, akazama. Aliyezungumza na kiboko hashindwi na Bi Mwanakombo.

Ila nawe fikiria upya lile la kusimama. Filamu ya nchi isiyo na mwanamume hata mmoja, watazamaji watamtazama nani?

Mjomba wako,
Fikirini


Dar es Salaam
30 Julai 1973

Shikamoo mjomba,

Mimi mzima. Mama ameniletea korosho kwa mtu, mwambie zimefika. Salamu nimemaliza.

Veronika alikwenda kumwona mama yake Newala, akateremkia Ziwani kabla yetu, na ameniandikia. Sasa ninajua kifua cha Bi Mwanakombo ni kifua gani.

Ulimkuta yuko shamba. Ngoma yake, ile ndefu ya wanawake, ilikuwa imetolewa juani ngozi ikaze. Ukaona hiyo ndiyo njia rahisi ya kuita watu. Mjomba, wewe umezaliwa Ziwani. Unajua kuliko mimi kwamba ngoma ile hailii ila kwa mambo mawili: binti amevunja ungo, au kungwi amefariki. Na mkono wa mwanamume haujawahi kuigusa tangu ilipochongwa. Wanawake wametupa majembe, wengine wamekuja na matope miguuni, wengine wamekwisha kuanza kulia njiani. Bi Mwanakombo mwenyewe kaja mbio analia, anauliza kungwi gani amefariki, na kungwi wa Ziwani ni yeye. Wanafika uani, wanakukuta umevaa koti, umesimama juu ya kinu, unakohoa ili uanze hotuba.

Veronika anasema mpaka leo wanawake wakisimulia wanacheka mpaka wanakaa chini. Bi Mwanakombo hacheki. Siku ile alikutazama tu, akasema, "Fikirini, teremka kwenye kinu changu." Wakaenda zao.

Ameweka neno kwamba hakuna mchezo wowote utakaochezwa mpaka kesi ya ngoma iishe, na kesi hiyo wanaamua wanawake. Hawajakuita kwa sababu wanangoja uende mwenyewe. Umekaa wiki ngapi unaniandikia habari za mbuzi?

Agosti inaanza keshokutwa. Nenda kwake, mjomba. Bila koti, na bila kupitia dukani kwa Hamisi. Watakalosema, likubali. Barua yangu mpe Veronika amsomee. Nimeandika hii mara tatu nikiitafutia maneno ya adabu, na hii ndiyo ya adabu kuliko zote.

Mwaisha


Ziwani
12 Agosti 1973

Mpwa wangu Mwaisha,

Siku hizi watoto wanaosomeshwa wanarudi kuwafokea waliowabeba. Sawa. Huku tu wazima.

Huyo Veronika amekueleza nusu. Hakukueleza jinsi nilivyoipiga. Mzee mmoja alikuwa anapita njiani na baiskeli, akasema mdundo ule ulikuwa safi, alidhani kweli kuna maiti. Na wewe hujui ilivyo. Maisha yangu yote nasikia ngoma hizo zinalia upande wa pili wa ua. Usiku mzima watu wanaimba, asubuhi mke wangu anarudi amechoka, uso unang'aa, nikimwuliza mlikuwa mnasema nini ananiambia lete maji. Mimi ninayeulizwa kila kitu mkoa huu, jambo hilo moja sijawahi kuambiwa.

Basi nimekwenda. Wao mkekani, mimi chini. Sijakaa chini mbele ya watu tangu chuo cha Kurani. Wakazungumza Kimakonde harakaharaka makusudi, ingawa wote Kiswahili wanakijua. Kisha Bi Mwanakombo akanigeukia akasema, "Mkono wako umetamani cha wanawake. Kinu kile pale, nacho ni chetu."

Kwa hiyo, kwa hiari yangu, nimekubali kuwasaidia kutwanga makopa ya mihogo kwa muda mfupi, wakati wao wanajifunza mchezo wa Veronika. Ni kazi ya ushauri zaidi. Tunatwanga michi mitatu kinu kimoja, Mastura, dada yake Bi Mwanakombo, na mimi. Vinu vya Ziwani vina mdomo mwembamba kuliko vya kwingine, kwa hiyo siku ya kwanza mchi ulianguka nje mara kadhaa. Mastura alinionyesha mara moja tu namna ya kupokea, nikawa nimeshajua. Kanichekea kidogo. Alikuwa hajanichekea tangu mwezi wa sita.

Barua yako imesomwa. Bi Mwanakombo ameisikiliza yote, akataka irudiwe pale penye mikono mitupu. Amesema mje. Nasikia Veronika amekwisha kukupelekea simu.

Hamisi asijue lolote katika haya. Yeye nimemwambia nakwenda kila siku kusimamia filamu.

Mjomba wako,
Fikirini


Dar es Salaam
14 Oktoba 1973

Shikamoo mjomba, na heri ya mfungo,

Natumaini Ramadhani inakwenda vizuri na mkaza mjomba anafuturu kitu cha maana. Mama anasema ile dawa ya goti inanuka lakini inafanya kazi.

Mikanda imesafishwa na nimeiunga. Mjomba, ni nzuri. Sisemi hivyo kwa sababu ni yangu. Siku niliyowaonyesha Veronika na Amina tulizima mashine tukakaa gizani kama watu waliotoka msibani, halafu Amina akaanza kucheka akashindwa kuacha.

Unakumbuka Jumamosi ile. Wanawake wamepanga mstari, wanatwanga kwa wimbo, kisha wanaweka michi chini wacheze. Tulijaribu, ikawa haikai. Veronika akabadili hatua, ikawa haikai. Tukagombana, Veronika akaniambia ninataka ngoma iende kwa saa ya ofisi. Bi Mwanakombo ndiye aliyesimamisha wimbo. Akatazama nje ya ua ulikokuwa unatwanga, akasema, "Huyo naye aingie. Unga usipotwangwa na mtu, mikono yetu mitupu ni ya uongo." Nikamwuliza kuhusu uwanja. Akasema uwanja huu mpya ni wetu sote tulioutunga, na yeye ndiye mlangoni.

Ukaingia, huna shati, umejifunga khanga ya mkaza mjomba kiunoni, kofia yako kichwani, ukaomba uonekane mgongo tu. Wanawake wakakupa mchi mmoja baada ya mwingine wakaenda kucheza. Wakati wote wanapocheza, mgongo wako uko pale nyuma, unapanda na kushuka. Filamu imesimama juu yake.

Sasa lililonifanya niandike. Kamati inayokagua filamu imeitazama. Mmoja wao, mzee wa heshima, amesema mwanamume yule amelazimishwa, na kwamba tunawafundisha wake za watu kuwatawala waume. Wanataka kipande kikatwe. Nikasema yule ni mjomba wangu. Wakaniuliza kama aliingia kwa hiari yake. Nikanyamaza, kwa sababu ninajua ilikuwa adhabu.

Kikikatwa, wanawake wanaweka michi chini na mara wanacheza, na unga umejitwanga wenyewe. Uongo aliousema Bi Mwanakombo. Mikanda mingine hatupewi. Nimebembeleza mpaka wamekubali jambo moja: mtu huyo mwenyewe aandike kwa mkono wake kwamba ni yeye, na aliingiaje. Wakiridhika wanaiacha.

Sitaki uniandikie uongo wa kunisaidia. Niandikie ilivyokuwa. Nimemwuliza Bi Mwanakombo kupitia kwa Veronika kuhusu adhabu ile, amejibu kwamba mgongo ni wako na mdomo ni wako.

Mpwa wako,
Mwaisha


Ziwani
11 Novemba 1973

Mpwa wangu,

Idi imepita salama, tumekula, tumevaa. Korosho zinaanguka usiku na mchana, hakuna mwenye nafasi ya kukaa. Ndiyo sababu nimechelewa.

Kuhusu huyo mtwangaji. Nimefikiri sana, na naona si mimi. Palikuwa na Mmakua mmoja alivuka Kilambo kukimbia vita vya ng'ambo ya Ruvuma, mtu mrefu, kwa nyuma tunafanana sana, hata Mastura aliwahi kumwita kwa jina langu. Nadhani ndiye aliyeingia siku ile. Amekwisha kuondoka na hajui kuandika. Waambie hivyo wakubwa wa kamati.

Ujue na hali yangu, Mwaisha. Watu nimekwisha kuwaambia. Nimewaambia kwamba mimi ndiye msimamizi, kwamba gari la sinema likija Ziwani wataniona mbele kabisa, na koti. Hamisi amekwisha kuahidi kuleta benchi lake. Wewe unataka wazime taa, wanione nimefunga khanga. Baraza yangu inakaliwa na watu saba kila jioni. Baada ya filamu hiyo itakaliwa na kuku.

Na maneno yameanza. Juzi Hamisi alipita alfajiri akasikia kishindo cha kinu nyumbani kwangu, akaniuliza nani anatwanga na mke mwenyewe ana goti. Nikamwambia ni Mastura, wewe hulijui goti lake.

Kikateni tu. Tena kwa nini filamu ya ngoma iwe na mgongo wa mtu. Nikikumbuka nilivyowaambia tangu mwanzo nisimame mbele, na koti, mkakataa.

Mjomba wako,
Fikirini Shaibu


Dar es Salaam
20 Desemba 1973

Shikamoo mjomba,

Wote wazima hapa. Veronika amerudi kwao. Amina wamemwondoa kwenye kamera, anafuta vumbi lenzi za wengine. Mkuu wetu hanisemeshi, ananitazama tu kama aliyeshinda.

Mjomba, mgongo ule umewahi kunibeba mimi. Siku niliyochomwa na mwiba shambani kwenu ulinibeba mpaka nyumbani, na njia nzima ukinisimulia kwamba mwiba ule utapelekwa kwa Malkia. Una kovu chini ya bega la kushoto, nililishika kwa kidole njia nzima. Kwenye picha linaonekana. Usiniandikie tena habari za Mmakua.

Kamati inakutana siku za mwisho za Januari. Nisipopata neno lako, mkasi nitaushika mwenyewe, simwachii mtu mwingine. Na jambo hili sitaliandika tena.

Wasalimie wote. Mkaza mjomba mwambie apumzishe goti.

Mwaisha


Ziwani
13 Januari 1974

Mpwa wangu mpenzi Mwaisha,

Mvua imekata barabara, magari yamelala matopeni. Barua hii sikumwachia Hamisi. Nimetembea nayo kwa miguu mpaka posta ya Mtwara, ipande ndege. Rubani ananifahamu. Hapana, rubani hanifahamu, nimenunua stempu kama watu wengine.

Idi kubwa tulikuwa wote kwa mama yako. Alitoa barua zako akanisomea moja ambayo hukuniandikia mimi, ila inanihusu. Sisemi kitu juu ya hiyo. Mastura goti limepata nafuu. Mbuzi mmoja amekufa, yule mwenye akili.

Haya yanayofuata ni ya kamati, wape wasome.

Wakubwa wa kamati, mimi ni Fikirini Shaibu wa Ziwani, mkulima wa korosho na mihogo, nimesoma mpaka darasa la nne. La tatu. Mgongo ulio kwenye filamu ya mpwa wangu ni wangu. Kovu lililopo ni la tawi la mkorosho, si la chui kama wengi walivyoambiwa. Mmeuliza kama nililazimishwa. Ni kweli wanawake wa Ziwani walinipa adhabu ya kutwanga, kwa sababu nilipiga ngoma yao isiyopigwa na mwanamume, na walikuwa na haki. Jambo hilo lisiwasumbue tena, kwa maana ninayotaka kusema sijamwambia mtu, hata huyu Mwaisha hajui.

Adhabu yangu iliisha siku ya Alhamisi. Jioni ile Bi Mwanakombo alinipokonya mchi, akasema, "Imetosha, Fikirini. Nenda nyumbani kwako." Nikaenda. Kamera ilikuwa bado haijafika. Ijumaa nikaswali, nikakaa barazani na watu wangu, wakaniomba habari za bandari. Nikaanza kuzisimulia, lakini nilikuwa nawasikia kule wakitwanga. Mtu akiwa hajawahi kutwanga anasikia kishindo tu. Mimi sasa nilikuwa nasikia mke wangu Mastura, kisha dada yake Bi Mwanakombo, kisha nafasi tupu. Mastura, dada, nafasi tupu. Mahali pangu hapakuwa na mtu. Nikapotea katikati ya habari ya mhandisi, Hamisi akanimalizia yeye.

Jumamosi asubuhi wanawake hawakuniita. Hakuna aliyekuja kunichukua. Mpwa wangu alikuwa kwenye ua na kamera yake, anadhani bado ninatumikia adhabu, nami nikamwacha adhani hivyo, maana adhabu, hata ikijulikana, mtu unaweza kuieleza dukani. Nilikwenda mwenyewe. Wakati ule pale kinuni wanawake wote walikuwa wanajua kwamba nimeachiwa, kwa hiyo ilibidi niwe na sababu ya kurudi kwenye kinu. Nikamwambia Bi Mwanakombo kwamba juzi nilisahau kofia yangu.

Kofia nilikuwa nimeivaa.

Aliitazama pale kichwani, akanipa mchi.

Fikirini Shaibu